Mgeni Aliyenyimwa Jembe

Watu wa wadi ya wazazi wananiita mke mwenza. Nilipoingia pale mara ya kwanza, kikapu mkononi na miguu imevimba kwa safari, Sista Mkuu alinitazama juu mpaka chini akasema, "Karibu, mke mwenza. Bwana wetu yuko chumba cha upasuaji, zamu yako bado." Wauguzi wakaangua kicheko. Nikacheka nao, maana utani ule ulikuwa na ukweli mchungu ndani yake, na mimi ukweli mchungu nauweza zaidi ukitiwa sukari.

Mume wangu ni daktari bingwa wa wanawake na uzazi, na mkoa mzima ulimtegemea yeye. Nyumba yetu, watoto wetu na wajukuu wako mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Mimi nimestaafu ualimu. Sikuwa na ninachosubiri isipokuwa yeye. Umri wake wa kustaafu ulishapita, wakamwomba aongeze muda, akaongeza, wakamwomba tena. Kila nikimpigia simu, jibu ni lile lile: "Akipatikana wa kubaki, mama watoto, nafunga mizigo siku hiyo hiyo." Subira yavuta heri, wanasema. Yangu ilikuwa imevuta mvi tu.

Si kwamba hawakupatikana. Walipatikana, tena wazuri. Mkoa ulikuwa ukiwapeleka madaktari vijana kusomea ubingwa, wakirudi wanatumikia miaka waliyokubaliana, na mume wangu anawafinyanga mpaka mikono yao inakuwa myepesi kama yake. Miaka ikiisha, kwaheri ya kuonana. Alikuwepo mmoja aliyeitwa Miwani. Huyo hospitali binafsi ya mji mkuu ilimchukua hata kuaga hajamaliza. Alikuwepo Bi Haraka, akaolewa ng'ambo. Na wa mwisho, Mpole, ndiye aliyewavunja moyo kabisa, kwa sababu yeye hakuvutwa na kitu chochote. Alichoka. Walimwita usiku, alfajiri, sikukuu, mpaka siku moja akaketi sakafuni kwenye korido, glavu bado mkononi, akasema miguu imekataa. Haikupita wiki akawa ameondoka. Mume wangu alinipigia jioni ile na sikusikia neno, nilisikia anavyopumua tu. Nilitaka kumfariji. Badala yake nililia kwa ajili yangu mwenyewe, nimefunika simu kwa kiganja asinisikie.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alipoletwa daktari mpya, binti mdogo, wadi nzima, kuanzia mume wangu mpaka mfagizi, ilikata shauri kwamba huyu lazima alelewe. Wakampa jina: Mgeni Wetu. Nilipofika mimi, eti kuja kusalimia, lakini moyoni nimekuja kumchukua mtu wangu, binti alikuwa ameshakaa miezi kadhaa na nyumba yake, iliyopakana na yetu, ilikuwa na mapazia mazuri kuliko ya mkuu wa mkoa. Pipa lake la maji lilijaa kabla hajaamka. Akinyanyua trei ya vifaa, muuguzi anaidaka. Sista Mkuu alikuwa ameshamtafutia hata mchumba: fundi wa mashine za hospitali, kijana mrefu mwenye meno mazuri, aliyekuwa akitumwa kila mara kurekebisha friji ambayo haikuwahi kuharibika.

Na simu hazikumfikia. Huo ndio uliokuwa mpango wao mkubwa. Binti aliachiwa kliniki ya asubuhi, na upasuaji wa kina mama waliopangiwa tarehe, mume wangu akiwa pembeni anamtazama. Likija jambo la ghafla, aliitwa Daktari Mkubwa. Mvua inyeshe, usiku uwe mzito, Daktari Mkubwa.

Asubuhi yangu ya kwanza pale nilimkuta mume wangu amesinzia mezani na kipande cha mkate mkononi. Nikamtikisa bega.

"Kwa nini hawamwiti yule binti?"

"Tunamtunza," alisema, macho yamefumba.

"Na wewe nani anakutunza?"

"Si umekuja," akajibu, akalala tena.

Nilikaa nikamtazama. Nywele zimeota masikioni, kola ya shati imeraruka, na hakuna aliyemwambia. Miaka yote nilidhani kumtamani mtu ni kazi ya umbali. Kumbe unaweza kumtamani yuko meza hiyo hiyo, mate yanamtoka kwenye mkate.

Siku moja nilikuwa naanika nguo uani, binti naye yuko kwenye kamba yake, anaanika koti jeupe. Mimi ni mwalimu, macho yangu hayana adabu. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo koti si ulilifua juzi?"

"Nimelifua tena, mama. Sina kazi nyingine."

Alilisema kwa tabasamu, lakini kibanio kilimponyoka mkononi, na alipoinama kukiokota akakawia kuinuka. Nikaweka beseni chini nikamfuata.

"Umechoka?"

Akacheka, kicheko kikavu. "Natamani ningechoka, mama. Nimeomba kuhama. Hospitali kubwa ya mji mkuu wameniambia niende. Bado kutia saini."

 Nitasema kweli: sikumfikiria yeye kwanza. Nilifikiria kwamba huyu akiondoka, mume wangu nitaletewa ndani ya sanduku.

"Wamekukosea nini hapa?"

"Hawajanikosea. Hawaniamini." Akakaa kwenye ukingo wa sinki la kufulia. "Mimi ni mtoto wa mkoa huu. Mkoa ndio ulionisomesha, na niliomba mwenyewe kurudi. Mama mwenye shida akiletwa, wananipita mlangoni mwangu wakimkimbilia mumeo, mwalimu wangu. Nasimama dirishani namwona anavuka uwanja na magoti yake yanayouma, mimi mzima nimesimama. Wakiniona wananyamaza. Wananiletea chai. Si bure, mama. Kuna kosa nililifanya siku za mwanzo, wameliona, na hakuna anayetaka kuniambia."

"Hakuna kosa lolote."

"Basi kwa nini? Nilisomea saa zile za hatari. Kliniki ningeweza kufanya popote. Mkono huu ni kama kisu cha jikoni, usipotumika unashika kutu. Wangu umeanza, nauhisi."

Ningeweza kumweleza yote palepale. Lakini maneno yangu yangekuwa chai nyingine ya kumbembeleza. Nikamwomba kitu kimoja, asitie saini kabla sijazungumza na mume wangu. Akanitazama kwa mashaka, kisha akakubali, kwa heshima zaidi kuliko kwa imani.

Mume wangu alirudi mchana kula. Nilimwacha anawe mikono, anawe vizuri, maana habari mbaya haifai kumpa mtu mwenye mikono michafu.

"Mgeni wenu anahama."

Akaweka kijiko chini. "Nani kamkosea?"

"Nyinyi."

"Sisi? Sisi! Yule mtoto hata maji hachoti! Sista anamtafutia mpaka mume!"

"Ndiyo hayo hayo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmemficha jembe, mmemketisha kwenye kochi, na mnashangaa anaulizia njia ya kwao. Anadhani hamumwamini. Anadhani mmemwona hafai."

Alikasirika. Mume wangu akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. "Wewe hukumwona Mpole pale sakafuni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwinua. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Siwezi kumfanyia mwingine vile."

"Mpole mlimpa jembe mkamwacha shambani mpaka akaanguka. Huyu hata shamba hamjamwonyesha. Katikati hapakuonekana, daktari bingwa?"

 Akavunja mkate vipande vidogo vidogo asivile hata kimoja. Nilimwonea huruma, nami nilikuwa nimejaza kinywa maneno mengine ya miaka mingi. Nikayameza.

"Na akielemewa?" aliuliza mwishowe.

"Atakuita. Mtapokezana. Wewe unadhani watu wawili wanalima vipi?"

Kesho yake aliwakusanya wauguzi kwenye veranda ya wadi. Mimi nilijifanya nimekuja kuleta chupa ya chai. Akawaambia kwa ufupi, bila kupamba: kuanzia siku ile simu ya kwanza ni ya binti, kila saa, na yeye Daktari Mkubwa ataitwa na binti mwenyewe, akiona haja. Sista Mkuu akaweka mkono mdomoni.

"Jamani! Sisi tulikuwa tunamwonea huruma."

"Hata mimi," alisema mume wangu. "Tumemhurumia mpaka tumekaribia kumfukuza."

Sista Mkuu hana ajizi. Alitoka pale moja kwa moja mpaka kliniki, mimi nyuma yake, akamkuta binti anaandika, akamweleza kila kitu amesimama, mikono kiunoni, utadhani anagomba. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa machozi.

"Kwa hiyo sikukosea kitu?"

"Kosa lako tunakupenda, mwanangu. Tulitaka ubaki. Tumekuwa wajinga. Na yule fundi nitamwambia asije tena na friji zake."

Binti akajifuta pua. "Huyo mwacheni," alisema. "Friji imeanza kuharibika."

Tulicheka mpaka mgonjwa aliyekuwa mlangoni akacheka naye bila kujua sababu. Lakini tulipokuwa tunatoka, binti alinishika kiwiko. "Mama, sijasema sihami. Maneno mazuri nimeyasikia mengi hapa. Nangoja niisikie simu."

Jumapili, baada ya mvua ya mchana, tulikuwa tumekaa sebuleni, mimi namenya machungwa, mume wangu anajifanya anasoma gazeti. Simu yake ilikuwa mezani kati yetu. Likasikika gari la wagonjwa linateremka kilimani. Mimi nilisikia gari tu. Yeye alikunja gazeti. "Dereva hapunguzi kwenye matuta," alisema. "Ni mbaya hiyo."

Tayari alikuwa amevaa viatu. Sijui alivivaa saa ngapi.

Binti akapita mbele ya dirisha letu mbio, koti begani, hajalivaa. Mume wangu akanyanyuka, akakaa, akanyanyuka. Simu kimya. Baada ya kidogo akapita muuguzi anakimbilia maabara kufuata damu, mume wangu akamwita dirishani, "Nini huko?"

"Kovu la zamani limeachia, Daktari! Yuko mezani!" Akasema hivyo anakimbia, wala hakugeuka, wala hakusema njoo.

Mimi si mtu wa hospitali, lakini mtu ukiolewa na wadi unajua. Mama aliyewahi kupasuliwa, uchungu ukizidi, lile kovu la mfuko wa uzazi likapasuka kwa ndani. Damu haisubiri mtu hapo. Mama na mtoto wanaweza kwenda pamoja.

Mume wangu alikuwa ameshashika kitasa. "Nisimame nyuma yake tu. Sitagusa kitu."

"Amekuita?"

"Hajaniita."

"Ukiingia leo bila kuitwa, kesho anahama. Unajua."

"Si mchezo huu, mama watoto. Ni mtu yule."

Nilikuwa najua ni mtu.  Kama mama yule angefia mezani huku mume wangu nimemzuia sebuleni, sijui ningeuweka wapi uso wangu katika dunia hii. Na kama angekwenda, sijui ningeiweka wapi miaka yangu iliyobaki. Nikaona sina haki ya kujibu swali lile. Nikamrudishia mwenyewe.

"Umemtazama akipasua miezi yote hii," nilimwambia. "Usiniangalie mimi, mimi nakutaka nyumbani. Jibu kama mwalimu wake. Akielemewa, ana akili ya kuita?"

 Alisimama na kitasa mkononi, akafikiri, na nilimwona anafikiri kwa haki, hakunipendelea mimi wala kujipendelea yeye.

"Anayo," alisema. "Huyo hana kiburi cha mikono. Akielemewa, ataita."

Akaachia kitasa, akarudi kuketi.

Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile ya mtu kukaa kwenye kiti. Alikodolea simu. Vidole vyake juu ya kitambaa cha meza vilikuwa vinafunga nyuzi zisizokuwepo, kidole juu ya kidole, fundo, fundo tena, na midomo ikimwambia mtu ambaye hakuwepo: shika hapo, polepole, usivute. Nikapiga magoti nikafungua kamba za viatu vyake. Nikavua kimoja, nikavua cha pili, naye akaniacha, kama mtoto aliyetoka shule amesinzia njiani. Simu haikulia. Mwanga wa dirisha ukahama kutoka mezani mpaka ukutani.

Binti alikuja kupitia mlango wa uani, nywele zimelowa jasho, kuna tone la damu kwenye shavu ambalo hakulijua. Alisimama kizingitini. Alikuwa anacheka.

"Yuko wadini, mwalimu. Ameshaongea, ameomba maji. Mtoto alitusumbua sana, lakini amelia. Amelia!"

"Ulikuta imepasuka wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole juu ya tumbo lake mwenyewe. Wakaanza lugha yao, mimi nikiwa mtu wa kuleta maji. Nilisikia tu kwamba mfuko wa uzazi alikuwa ameunusuru, hakuutoa. Mume wangu aliinamisha kichwa.

"Mimi ningeutoa," alisema. "Ningeogopa. Umefanya vizuri kuliko mimi."

 Binti alipomaliza maji yake akaweka bilauri, akafika mpaka mlangoni, ndipo akageuka kwangu. "Mama, ile habari ya saini. Nitawapigia kesho niwaambie sitakwenda." Akatazama chini. "Kwaherini. Nimwahi mama yangu wa leo, nisije nikamwacha na wenzangu muda mrefu."

Mama yangu wa leo. Mume wangu alikuwa na mazoea ya kuwaita hivyo wagonjwa wake. Alimsindikiza binti kwa macho mpaka alipopinda kwenye kona ya wadi.

Basi, ndiyo hiyo. Nilichokiomba katika kila sala, kila sherehe ya mjukuu ambayo kiti cha mume wangu kilikuwa kitupu, kilikuwa kimefika, kimekaa mbele yangu hakina viatu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya siku hiyo. Ilikuwa na lawama za kutosha na mizaha ya kutosha, na mwisho wake nilikuwa nimwambie jinsi nilivyomtamani, mpaka nikawa naongea na redio. Hotuba yote ilinipotea.

"Tunaondoka lini?" aliniuliza.

"Ukiwa tayari."

"Niko tayari." Akachukua simu, akakitazama kioo chake, akairudisha mezani. "Zitapita siku kidogo nimkabidhi vizuri. Halafu twende, mama watoto. Nimekuchelewesha sana."

"Sana," nilisema.

Tulikaa. Huko wadini kulikuwa na mtu anacheka, nadhani Sista Mkuu. Mume wangu alisikiliza mpaka kicheko kilipokwisha.

"Unadhani wataniita tena?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayeona haya. Sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu, ya miaka yote niliyomuuliza kwenye simu utakuja lini, huku nalijua jibu. Ningeweza kumdanganya. Nilimpenda mno, sikuweza kumdanganya.

"Hapana, mume wangu," nilimwambia. "Hawatakuita."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikasogeza kiti changu karibu na chake nikamshika mkono, na vile vidole vilikuwa bado havijatulia.